Ifute kabla hujaizoea: kununua kompyuta mpakato ya mtumba ukiwa Uyole, Mbeya

Mashine yangu ya zamani ilikufa Jumanne jioni. Umeme ulikatika, ukakaa dakika ishirini, ukarudi kwa hasira. Taa ya dukani ilimulika kama ya lori, mara nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nina duka dogo la steshenari hapa Uyole, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Natoa kopi, nachapa mihtasari ya vikoba, najazia watu maombi ya ajira na vijana maombi ya Bodi ya Mikopo. Na kilikuwa kipindi chenyewe cha mikopo. Siku moja bila mashine, wateja wako kwa jirani, na mteja akishazoea kwa jirani hata salamu yake inapungua.

Fundi wangu wa Mwanjelwa aliifungua, akanusa, akaifunga. "Dada, bodi imekwenda. Diski nzima, hiyo nitakutolea." Nikampa elfu kumi yake, nikarudi nyumbani na diski kwenye bahasha, nikakesha na simu natafuta mashine nyingine.

Nilikuwa na laki sita na nusu. Mwanjelwa na Kabwe mashine zipo, ila kwa hela hiyo nilioneshwa za zamani mno, wakati mtandaoni wauzaji wa Dar walikuwa wanatangaza nzuri zaidi kwa bei hiyohiyo. Nikanunua huko. Iliyokuja ilikuwa na matatizo matatu. Moja nililisamehe, la pili lilikuwa la kujadiliana, la tatu likanirudisha stendi na boksi mkononi. Naeleza hatua zote, pamoja na pale nilipokosea mwenyewe, maana wateja wananiuliza kila siku na nimechoka kurudia.

Anza na namba ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Tangazo likisema "Core i5 kali, kutoka Ulaya" bado hujaambiwa kitu. i5 zimetengenezwa miaka na miaka. Muulize namba kamili, uangalie tarakimu inayofuata baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 soma mbili za mwanzo, kama i5-10210U au i5-1135G7. Kwa nini uhangaike? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizo i5, kwa kawaida inaikubali rasmi mashine ya kuanzia kizazi cha 8. Za nyuma ya hapo zinaondolewa maofisini huko nje, ndiyo maana bei yake inavutia. Na usidanganyike ukiona Windows 11 imeshawekwa. Kuna njia ya mlango wa nyuma ya kuiweka hata kwenye mashine isiyostahili, na mafundi wanaijua.

Kisha omba picha, lakini za leo. Mimi huandika jina langu na tarehe, namwambia muuzaji ayanakili kwenye karatasi na kuiweka juu ya mashine ndipo apige. Asiyekuwa na mashine mkononi atakuja na hadithi ndefu hapo, unaachana naye bila ugomvi. Nataka picha ya stika ya chini yenye namba ya mashine, picha ya kibodi kwa karibu, na picha ya kioo kikionesha ukurasa unaofunguka ukiandika msinfo32 kwenye kitafutio cha Windows. Ukurasa huo unataja modeli, prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) bila aibu. Ile namba ya chini ipeleke kwenye tovuti ya kiwanda. Viwanda vingine vitakuonesha mashine ilitoka ikiwa na nini ndani.

Malipo. Lipa kwa Lipa Namba ya biashara, usitume kwa namba ya mtu binafsi, na kabla hujaweka namba yako ya siri soma jina linalotokea. Duka linaitwa hivi, jina linasema vile? Simama kwanza, uliza. Ila njia iliyo bora kuliko zote ni ya kizamani: mtume mtu akaione. Mimi nina mtoto wa shangazi Mbagala, angefika Kariakoo kwa daladala moja au mbili. Sikumtuma. Ukimtuma huyo, nauli utatoa, chakula utatoa, na hadithi ya jinsi alivyokusaidia itasimuliwa kila msiba. Nikaona nikwepe. Ukwepaji huo ulinigharimu wiki tatu.

Kabla ya kulipa, pia, mwandikie muuzaji maswali matatu na umwache ajibu kwa maandishi. Nina siku ngapi za kurudisha? Zinaanza kuhesabiwa lini? Nauli ya kurudisha nani analipa? Mimi niliuliza la kwanza tu. "Siku saba, dada yangu, usiwe na wasiwasi." Kumbe zake zinaanza basi linapoondoka Dar, si siku unayoshika mzigo. Nililipa Alhamisi, usiku huohuo ikapakiwa, Ijumaa asubuhi ilikuwa stendi ya Nane Nane. Mimi Ijumaa hiyo niko Rungwe kwenye msiba, nikarudi Jumapili usiku. Naichukua Jumatatu, siku nne zimeshaliwa.

Ufungaji nao uusemee. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna mlima Kitonga na matuta ambayo dereva mwenyewe ameacha kuyahesabu. Yangu ilikuja ndani ya boksi la biskuti, imezungushiwa nailoni ya malengelenge mara moja tu, chaja imelalia kioo. Sema kabisa: chaja kwenye mfuko wake, godoro pande zote, thamani ya mzigo iandikwe kwenye stakabadhi ya basi.

Ukifika kuchukua, fungulia palepale ofisini huku simu inarekodi. Kijana wa mizigo aliniambia, "Mama, si ukafungulie nyumbani, watu wamejaa." Nikamwambia dakika tatu tu. Anza video na boksi likiwa limefungwa, jina lako na stakabadhi vikionekana, halafu fungua bila kukata video. Zungusha mashine pande zote. Fungua na funga kifuniko polepole ukisikiliza bawaba. Ikilia kama mlango wa choo, au pembe ya plastiki ikinyanyuka, hiyo imeshawahi kuvunjika. Ilaze mezani uone kama inakaa sawa. Ikiyumba, au sehemu ya kuchezeshea kidole imetuna, betri imevimba. Hiyo usiichaji, usiibonyeze, irudi ilikotoka.

Pale stendi ndipo nilipoona tatizo la kwanza. Vitufe vilikuwa vyeusi sana, vipya kuliko mashine yenyewe. Nikapitisha ukucha pembeni ya Y. Ikabanduka stika nyembamba, chini yake kuna Z. Nikabandua ya Z, chini yake Y. Kulia mwa L kulikuwa na O yenye nukta mbili juu. Kibodi ya Kijerumani iliyovishwa stika za Kiingereza, na kazi ilifanywa kwa mkono mzuri, nimsifu tu aliyebandika. Windows ikiwa imewekwa kibodi ya Kiingereza utachapa bila shida mpaka stika zianze kubanduka kwa jasho. Kwa anayechapa Kiswahili, lugha ambayo neno la tatu lazima liwe "ya" au "za", hilo si dogo. Lakini mimi nachapa bila kutazama vidole. Nikasamehe.

Nyumbani, usiku huohuo, kabla hujaweka hata picha moja ya mtoto, pima betri. Ichaji ijae. Fungua Command Prompt (itafute kwenye kitafutio cha Windows), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuambia imehifadhi wapi faili la ripoti. Lifungue kama ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili tu: Design Capacity, yaani betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani, na Full Charge Capacity, inabeba kiasi gani leo. Yangu ilizaliwa na 50,040 ikawa imebaki na 31,020. Gawanya, unapata asilimia 62. Tangazo lilisema "betri masaa sita". Labda zamani ilipokuwa Ujerumani. Kipimo changu, na ni changu tu, ni kwamba mtumba wa asilimia 80 kwenda juu nanyamaza, kati ya 60 na 80 nadai punguzo, chini ya 60 nahesabu kwamba nanunua na betri mpya juu yake. Halafu usiiamini ripoti peke yake. Chomoa chaja, ongeza mwanga mpaka mwisho, weka video ndefu, kaa nayo saa nzima. Betri mbovu hushuka vizuri mpaka 40, kisha inaruka mpaka 8 na kuzima.

Hapo katikati utaona diski ya GB 256 inasoma 238. Usimpigie mtu kelele. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa kugawanya kwa 1,024 mara tatu. Hujaibiwa. Kioo kipime kwa picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, utaona madoa na nukta zilizokufa. Vitufe vyote, kimoja kimoja. Matundu yote ya USB kwa flashi moja. Kamera, spika, maiki: jipigie video. Chaja igeuze usome wati. Mashine iliyozoea wati 65 ukiipa chaja ya 45 itachaji kwa kusuasua. Yangu ilikuja na waya wa pini mbili za mviringo. Usinunue chaja nzima kwa hilo, badilisha waya unaokwenda ukutani tu.

Zima, washa tena huku unagonga kitufe cha kuingilia BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai neno la siri, muuzaji akupe neno hilo au akupe mashine nyingine.

Sasa hatua yenyewe iliyonifanya niandike. Ifute. Futa kila kitu ianze upya, na iunganishe na intaneti inapoanza. Fanya siku ileile. Mimi sikufanya siku ileile. Jumanne na Jumatano nilikuwa na foleni ya wanafunzi, nikachapa kazi za watu siku mbili kwenye mashine nisiyoijua, na Jumatano usiku ndipo nikasema niianzishe kwa jina langu.

Njia ni Settings, halafu System, halafu Recovery, halafu Reset this PC, na uchague Remove everything. Itakuuliza kama ishushe Windows mpya kutoka mtandaoni au itumie iliyomo ndani. Chagua Local reinstall, maana ile nyingine inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando lako. Inachukua saa moja au zaidi, ichomeke kwenye chaja. Ikianza kukuuliza nchi na kibodi, washa hotspoti ya simu uiunganishe.

Yangu ilifikiria kidogo. Kioo kikawa cheupe, ikatokea nembo nisiyoijua, na chini yake maandishi makubwa ya kunikaribisha katika kampuni fulani ya Ujerumani, niweke barua pepe yangu ya kazini. Saa tano usiku, Uyole, nimejifunga kitenge, baridi inapiga bati. Nikamwita mume wangu aje aone nimeajiriwa.

Kilichotokea ni hiki. Makampuni makubwa husajili mashine zao Microsoft kwa huduma inayoitwa Autopilot. Utambulisho wa vifaa vya ndani, hasa bodi, unaandikwa kwamba ni mali ya kampuni fulani. Kila Windows inapoanza upya na kupata intaneti, inauliza huko: mimi ni wa nani? Ikijibiwa, inafunga mlango mpaka mfanyakazi wa kampuni aingie. Kubadilisha diski hakusaidii. Kuweka Windows upya hakusaidii. Anayeweza kuiondoa kwenye daftari ni kampuni iliyoiandika. Muuzaji alikuwa ameiwekea Windows bila intaneti, kwa hiyo lile swali halikuulizwa. Yawezekana kampuni iliuza mashine zake kihalali ikasahau kuzifuta kwenye daftari. Yawezekana pia iliibwa. Ukiwa Uyole huna jinsi ya kujua ni lipi, na mali ya wizi ikikutwa kwako ni wewe utakayeulizwa. Wanaonunua MacBook nao wana lao la aina hii: akaunti ya iCloud ya mwenye mashine wa kwanza lazima iwe imeondolewa, na yeye ndiye wa kuiondoa.

Jambo jingine hufichuka hapohapo. Windows iliyowashwa kwa ujanja huonekana halali siku unayopokea. Ukiifuta, inaweza kurudi na yale maandishi ya Activate Windows pembeni chini. Kuna inayoiga leseni za ofisini, hiyo hudumu siku 180 kama haijihuishi, halafu inakugeuka.

Nilimpigia muuzaji asubuhi. Akacheka kidogo. "Dada yangu, ukifika hapo usiwashe intaneti. Unaruka tu. Fundi wangu anafanya hivyo kila siku."

"Kaka, mimi naishi kwa intaneti. Na siku nikitaka kuifuta tena?"

"Utanipigia."

Usikubali hilo. Na usimpelekee fundi wako aifungue hata kama anakuapia anaweza, kwa sababu stika ya dhamana ikichanika maneno yote yatageuka kuwa juu ya fundi wako. Nashukuru kitu kimoja nilichofanya vizuri: usiku uleule wa Jumatano, kabla ya kulala, nilituma ujumbe wa maandishi. Sauti kumi za kulalamika hazisaidii, na mtu hazisikilizi. Andika mmoja, mfupi, kama huu wangu:

"Habari kaka. Alhamisi nilinunua kwako mashine kwa 620,000, risiti hii hapa. Tangazo lako lilisema ni safi, haina tatizo, betri masaa sita. Nimekuta imesajiliwa kwa kampuni nyingine na inafunga ikianza upya, betri imebaki asilimia 62, na kibodi ni ya Kijerumani chini ya stika. Video na picha zipo chini. Naomba unibadilishie au unirudishie hela. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa jioni."

Alijibu Ijumaa saa kumi: siku saba zimeisha jana. Nikampigia picha ya ujumbe wangu, unaonesha Jumatano saa sita kasoro usiku. Nikamwongezea kwamba kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inatakiwa ilingane na maelezo, na kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sikumtishia polisi. Nilimwambia nikikosa jibu nitaandika kwa Tume ya Ushindani na tangazo lake nitaliambatisha. Alikaa kimya siku mbili, kisha akauliza nitaituma kwa basi gani.

Ungekuta muuzaji amezima simu, hiyo ni kesi tofauti. Namba ya muamala na mazungumzo yote vipeleke polisi, na ujumbe wa utapeli uutume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Nauli ya kwenda, 15,000, nililipa mimi, ya kurudi akalipa yeye. Niliipiga video tena nikiifunga, nikanakili namba ya chini kwenye stakabadhi, isije ikasemwa nimerudisha nyingine. Wiki hizo zote nilichapa kwa mashine ya mwalimu mmoja jirani, jioni tu, akishamaliza maandalio yake.

Ya pili ilifika na kibodi ya Kiingereza, betri asilimia 81, mkwaruzo kwenye pembe. Safari hii nilimtuma mtoto wa shangazi. Aliifuta palepale dukani, akaiunganisha na simu yake, akanitumia video ikiuliza jina la mtumiaji kama mashine isiyo na mwenyewe. Ndiyo, ameshaisimulia kwenye kikao cha ukoo. Hapa nyumbani nikagundua tundu moja la USB limelegea, flashi inadondoka. Nikaandika ujumbe uleule mfupi, nikarudishiwa 30,000, tukaachana kwa heri.

Mafaili ya zamani yaache ya mwisho kabisa, ukishaamua kwamba mashine inabaki. Fundi aliniwekea ile diski kwenye kasha la USB, nikahamisha usiku mmoja. Mashine mpya haichomekwi ukutani moja kwa moja, inapita kwenye gadi, ile inayongoja umeme utulie ndipo iupitishe. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa nahamisha. Betri ilishika.